“We do you to wit”: maswali yenu kuhusu kitenzi kilichozeeka

Safu hii kwa kawaida huulizwa Kiswahili. Safari hii mmenigeuzia kibao, na barua zilizonifikia zinazunguka kitenzi kimoja cha Kiingereza ambacho Waingereza wenyewe wameshakizika, ila mkono wake mmoja umebaki nje ya kaburi. Salamu nimezifupisha, maswali sikuyagusa.

Shikamoo, Mwalimu. Tunasoma kwa pamoja Biblia ya Kiingereza cha zamani, ile ya Mfalme James. Tumekwama 2 Wakorintho 8:1: “Moreover, brethren, we do you to wit of the grace of God bestowed on the churches of Macedonia.” Neno mojamoja nalijua. Yakikaa pamoja hayaniambii kitu. Mwenzetu mmoja anasema “wit” ni werevu, kwa hiyo Paulo anawafanya watu wawe werevu. Mwingine anasema ni utani. Kamusi yangu ndogo inawaunga mkono wote wawili. Nimfuate nani?

Marahaba. Usimfuate yeyote. Wenzako wamekosea, lakini si kwa uzembe: kamusi ndogo haina nafasi ya marehemu. Paulo anasema tu “twawaarifu”. Fungua Biblia ya Kiswahili hapohapo utamkuta akiarifu kwa amani kabisa, bila werevu wala utani.

“Wit” ya hapo si nomino. Ni kitenzi, na maana yake ni kujua. Katika Kiingereza cha kale kiliandikwa “witan”, na ndicho kilichobeba kazi ya kila siku ya kusema kwamba mtu anajua jambo. Nomino “wit”, ile ya akili na baadaye ya maneno ya kuchekesha, ni jamaa yake. Jamaa wengine ni “wise”, “wisdom” na “witness”, ambalo mwanzo lilikuwa ujuzi, likawa ushuhuda, kisha likamwangukia mtu mwenyewe anayeutoa. Hata “wizard”, mchawi wa hadithi za watoto, alianza maisha kama mtu mwenye hekima. Kwa hiyo huyo wa werevu amemshika ndugu akidhani ndiye mwenyewe.

Kigumu zaidi ni “do”. Kiingereza cha leo kimeitumikisha “do” mpaka imebaki karibu tupu: inaulizia, inakanushia, inatilia mkazo, basi. Zamani ilikuwa na uzito, na maana yake ya asili ilikuwa kuweka, kutia. Masalia yake yapo kwenye mavazi. “Don”, kuvaa, ni “do on” iliyobanwa kwa kutamkwa haraka. “Doff”, kuvua kofia, ni “do off”. Na mtu akiuawa kikatili, Mwingereza bado anaweza kusema “he was done to death”, yaani ametiwa kwenye mauti.

Isome sasa kwa “tia” yetu. Tunamtia mtu hofu, tunamtia moyo, tunamtia hasira, tunamtia hatiani, na hakuna anayewaza kwamba kuna chombo kinajazwa. “Tia” hapo inasababisha. “We do you to wit” ni “tunawatia kujua”. Na kwa kuwa Kiswahili kina mnyambuliko, hata hiyo “tia” hatuihitaji: tunakichukua kitenzi jua, tunakivalisha kiambishi, tunapata julisha au juza, na kazi imekwisha kwa neno moja. Waingereza nao walikuwa na mnyambuliko wa aina hiyo zamani sana. Ndio uliotoa “set” kutoka “sit”, “lay” kutoka “lie”, na “fell”, kuangusha mti, kutoka “fall”. Lakini ulikauka mapema, ukaacha jozi chache kama hizo, na wasemaji wakalazimika kutafuta kitenzi cha kusaidia. Sehemu nyingine walichukua “make”, nyingine “let”, nyingine “do”. Katika Kiingereza cha enzi za kati ungeweza kusoma kwamba bwana fulani “did” kujenga ngome, na maana yake si kwamba alishika mwiko na chokaa. Aliijengesha.

“Of” baada ya “wit” isikusumbue. Ni “kuhusu”.

Kuna jambo ninalolipenda zaidi kuliko sarufi yenyewe. Hii ilikuwa lugha ya barua. Ukisoma barua za ukoo wa Paston wa Norfolk, zilizoandikwa karne ya 15 na kuhifadhiwa hadi leo, unakutana tena na tena na “please it you to wete”, yaani ikupendeze kujua, na “wete” hiyo ni “wit” yetu kwa tahajia ya siku zile. Mwandishi anaanza kwa kujinyenyekeza, anaulizia afya, anaombea heri, kisha anaitoa “wete” yake na hapo shughuli inaanza: kesi ya shamba, deni, mtu aliyevamia nyumba. Ni kama ile “ama baada ya salamu, nakuarifu” tuliyoisoma sote kwenye karatasi zenye mistari. Waraka wa Pili kwa Wakorintho nao ni barua, na sura ya 8 ndipo Paulo anapoingia kwenye suala la mchango kwa ajili ya watu wa Yerusalemu. Anaanza kwa kuwasifu wa Makedonia, walivyotoa ingawa ni maskini. Yeyote aliyewahi kupokea barua inayoanza na “nakuarifu kwamba fulani ametoa” anajua aya ya tatu itasema nini. Mfasiri aliyemwekea Paulo maneno ya barua alikuwa na sikio zuri.

Mfasiri huyo, kwa taarifa yenu, si wa 1611, mwaka Biblia ya Mfalme James ilipochapwa. William Tyndale, ambaye Agano lake Jipya la Kiingereza lilichapwa mjini Worms, Ujerumani, mwaka 1526, tayari aliandika “I do you to wit”. Biblia ya Geneva ya 1560 ikaendelea nayo. Wasomi wa Mfalme James walipokaa mezani, waliagizwa waifuate Biblia ya Maaskofu ya 1568 na kuibadilisha kidogo iwezekanavyo, kwa hiyo maneno mengi waliyochapa 1611 yalikuwa yameshaota mvi siku yanatoka kiwandani. Watu husoma Biblia ile wakidhani ndivyo watu wa London walivyokuwa wakiongea mwaka ule. Sivyo. Hata wakati huo ilisikika kama lugha ya babu.

Ongezeko moja, kwa kuwa mnasoma kwa kikundi na mtapenda kulifukua wenyewe. Kitenzi cha Kigiriki kilichopo hapo, “gnorizo”, kinarudi katika nyaraka nyingine za Paulo, na wafasiri wale wale wakakipa kila mara vazi jipya. 1 Wakorintho 12:3 ni “I give you to understand”. 1 Wakorintho 15:1 ni “I declare unto you”. Wagalatia 1:11 ni “I certify you”. Hawakusahau. Katika dibaji yao walisema wazi kwamba hawakujifunga kutumia neno lile lile kila mahali. Mimi, niliyezeekea kwenye prufu na kalamu nyekundu, ningewarudishia kurasa zile zikiwa na alama za kuuliza pembeni, na wao wangenicheka. Waliorekebisha tafsiri hiyo mwaka 1881 waliisafisha 8:1 ikawa “we make known to you”. Inaeleweka mara moja, na harufu ya barua imetoka.

Mwalimu, nafundisha Kiingereza. Mwanafunzi amenijia na “wot” na “wist” kutoka kitabu cha zamani, akauliza kama ni vitenzi viwili. Nikasema ni kimoja. Akauliza kwa nini basi ni “he wot” na siyo “he wots”. Nikamwambia tutaonana wiki ijayo. Nisaidie kabla wiki haijafika.

Ni kimoja, ulimjibu sawa. “To wit” ni kujua, “wot” ni wakati uliopo, “wist” ni wakati uliopita. Kama unataka mahali ambapo mtu mmoja anavitumia vyote viwili kwa pumzi moja, mpeleke kwa Rahabu wa Yeriko, Yoshua 2:4–5. Wajumbe wa mfalme wamekuja kuwatafuta wapelelezi, naye anawajibu: “There came men unto me, but I wist not whence they were.” Walikuja, lakini sikujua wametoka wapi. Kisha anaendelea kwamba wakati wa kufunga lango, giza lilipoingia, watu wale walitoka: “whither the men went I wot not.” Walikokwenda sijui. “Wist” kwa saa ile walipokuwa mlangoni, “wot” kwa sasa hivi anapoongea na askari. Na muda wote huo amewaficha darini chini ya mabua ya kitani. Ni uongo mtupu, lakini nyakati za vitenzi zimepangwa vizuri kuliko za mashahidi wengi wakweli.

Kuhusu “s”. Mwulize mwanafunzi wako kwa nini hasemi “he cans” au “he mays”. Atasema haiwezekani. Basi “wot” ni wa kundi hilohilo, pamoja na “shall” na “must”. Ni vitenzi ambavyo umbo lake la sasa lilikuwa, zamani za kale kabla ya Kiingereza kuitwa Kiingereza, umbo la jambo lililokwisha kutendeka. Wazungu wanahitaji kurasa kadhaa kulieleza hili. Sisi tunayo “-me-”.

Amelala: yuko usingizini sasa hivi. Amesimama: mwangalie, yuko wima. Umbo linasema tendo limekwisha, maana inasema hali inaendelea. Ukimweleza mtu jambo akalipata, atakwambia “nimeelewa”, na hatakuwa anakusimulia historia. Sasa, shina la “wit” ni lile lile la Kilatini “videre”, kuona. Kigiriki kilikuwa na “oida”, najua, ambalo kwa umbo ni “nimeona”. Kisanskriti kilikuwa na “veda”, najua, kwa njia hiyohiyo, na ndugu yake wa nomino ndiye aliyeyapa jina maandiko matakatifu ya Wahindu. “I wot”, ukiichimba hadi chini kabisa, ni “nimeona”. Nimeona, kwa hiyo najua. Na kwa kuwa umbo lilikuwa la jambo lililokwisha, halikuwahi kupewa kile kiambishi cha nafsi ya tatu ambacho leo ni “s”. Mjerumani bado anaishi na umbo hilo: “ich weiß”, “er weiß”, bila kuongeza “t” yake ya kawaida.

Unaweza pia kumwonyesha kwamba Waingereza wenyewe walianza kuchanganyikiwa. Mwanzo 39:8, Yusufu akimkatalia mke wa bwana wake, toleo la 1611 linasema “my master wotteth not”. Mtu ameshasahau historia, amekipachika kitenzi mwisho wa vitenzi vingine. Kitenzi kikishaanza kupachikwa hivyo, fahamu kwamba watu hawakisikii tena kinywani mwa mama zao, wanakikuta kitabuni.

Kilikufa kwa nini? Kilikuwa na maumbo matatu yasiyofanana, “wit”, “wot”, “wist”, wakati jirani yake “know” alikuwa na mawili yanayofuatana vizuri. Nomino “wit” nayo ilikuwa imeshaelekea kwenye vichekesho, ikawa inamsumbua. Zamani lugha ilitofautisha kujua jambo na kumjua mtu, kama Mfaransa anavyofanya na “savoir” na “connaître”. “Know” akazichukua kazi zote mbili, kama “jua” yetu inavyozibeba zote bila kulalamika.

Kuna mtego mmoja wa kumwonya mwanafunzi wako akiendelea kusoma. Atakutana na “I wis” katika mashairi, na atadhani ni wakati uliopo wa “wist”. Wengi walidhani hivyo, wakiwemo washairi wa karne ya 19 waliopenda mambo ya kale. Asili yake ni neno moja, “iwis”, maana yake “hakika”, na Mjerumani bado analo, “gewiss”. Mwandishi mmoja akaacha nafasi kati ya “i” na “wis”, mwingine akaikuza “i”, na kielezi kikawa kitenzi kwa kosa la uchapaji. Mimi hadithi za namna hii hunifurahisha kupita kiasi, nisameheni.

Habari za kazi, Mwalimu. Nafasiri nyaraka za mahakama. Katika hati za mashtaka za Kiingereza kila mara nakuta “to wit”: mtu alikuwa na “a deadly weapon, to wit, a knife”. Naandika “yaani”. Mwenzangu ofisini anasema sheria ina lugha yake na “yaani” ni neno la mtaani. Yeye anaandika “kwa kujua”.

Nzuri. Mwambie mwenzako, kwa upole, kwamba “akiwa na silaha ya hatari, kwa kujua, kisu” inamshtaki mtu kwa jambo jingine kabisa. Katika sheria, kutenda kwa kujua ni suala la nia ya mtuhumiwa, na linaweza kuongeza uzito wa kosa. “To wit” haigusi nia ya mtu yeyote. Inasema tu silaha iliyotajwa ni ipi.

Huu ndio mkono niliosema umebaki nje ya kaburi. Baada ya Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, kuitwaa Uingereza mwaka 1066, sheria ya huko ilikuja kuandikwa kwa Kilatini na kubishaniwa kwa Kifaransa. Mwanasheria alipotaka kutoka kwenye jambo la jumla kwenda kwenye kitu chenyewe, kwa Kilatini aliandika “videlicet”, ambalo ndani yake ni “inaruhusiwa kuona”, au “scilicet”, “inaruhusiwa kujua”. Kwa Kifaransa alisema “cestasavoir”, yaani ni la kujulikana. Mfaransa wa leo bado anaandika “à savoir” kwa kazi hiyohiyo. Mwaka 1362, enzi za Edward III, sheria ilipitishwa kwamba mabishano ya mahakamani yafanyike kwa Kiingereza, kwa sababu watu walikuwa wanahukumiwa kwa lugha wasiyoielewa. Kumbukumbu zikaendelea kuandikwa Kilatini mpaka sheria nyingine ilipozitoa huko, iliyoanza kutumika 1733. Katika kuhama huko “cestasavoir” ikapata mwenzake wa Kiingereza, “that is to wit”. Kwa matumizi ikakatwa kichwa, ikabaki “to wit”. Kitenzi kikafa, msemo ukabaki kwenye hati za mashtaka, za Uingereza na za Marekani pia.

Na “viz.” unayoiona katika nyaraka hizohizo ni “videlicet” iliyofupishwa. Ile “z” haikuwa “z” hata kidogo, ilikuwa alama ya waandishi wa mkono ya kuonyesha kwamba mwisho wa neno umekatwa. Wanaposoma kwa sauti, wengi husema “namely”.

Sasa “yaani”. Hilo neno lako la mtaani ni kitenzi cha Kiarabu, “ya‘ni”, inamaanisha, kilichoganda kikaacha kunyambuliwa na kuwa kiunganishi. Ndivyo hasa ilivyotokea kwa “to wit”. Sijui tafsiri gani ingelingana zaidi. Usiibadilishe. Pale ambapo sentensi ni ndefu na “yaani” inazama, tumia “nacho ni”, “nazo ni”, kulingana na ngeli: “mali iliyoibwa, nazo ni ng’ombe wawili” haiwezekani, kwa kuwa “mali” na “ng’ombe” hawapatani, kwa hiyo hapo rudi kwenye “yaani”. Lakini “dawa iliyopigwa marufuku, nayo ni kokeini” inakwenda vizuri.

Kitu cha kuangalia ni mpaka wa kinachofuata. Baada ya “to wit” pasiingie jambo jipya. Kilichotangulia ni cha jumla, kinachofuata ni chenyewe kwa jina. Nimewahi kuona rasimu iliyotaja “gari moja, to wit, gari na pikipiki”, na mfasiri akaifasiri ilivyo. Katika hali kama hiyo usirekebishe kimyakimya. Fasiri, kisha mwandikie aliyekupa kazi kwamba hesabu haifiki.

Isipokuwa ukihamia kwenye maandiko ya zamani zaidi. Kutoka 2:4, dada yake Musa anasimama mbali na kijisafina mtoni: “to wit what would be done to him”. Hapo “yaani” itakuaibisha. Kitenzi bado kiko hai, ni “ili ajue atatendewa nini”. Namna ya kutofautisha ni rahisi: ikifuatwa na jina la kitu, ni “yaani”. Ikifuatwa na “what” au “whether”, mtu anataka kujua.

Mwalimu, naandika riwaya kwa Kiingereza, ya enzi za kati. Mfalme wangu anaingia chumbani, anamkuta mdogo wake, anasema: “I wist not thou wert here. God wot, I do thee to wit that I am wroth.” Mhariri amefuta sentensi zote mbili na kuandika pembeni “hapana”. Je, nimekosea sarufi?

Sarufi yako ni safi. Nimeipitia mara mbili nikitafuta pa kukushika, nikakosa. Mhariri wako pia yuko sahihi.

Waingereza wana jina la ugonjwa huu. Henry Fowler, katika kamusi yake ya matumizi ya lugha ya mwaka 1926, aliuita Kiingereza cha Wardour Street. Huo ni mtaa wa London uliokuwa maarufu kwa wauzaji wa samani za kale, za kweli na za kuigiza, na ukitaka kiti cha karne ya 16 kilichotengenezwa juzi ulijua pa kwenda. Tatizo la mfalme wako ni kwamba amenunua vyote siku moja.

Tena kila kimoja kina mahali pake. “God wot”, Mungu anajua, lilikuwa la kuapia, na baadaye likawa la kujazia mstari wa shairi, kwa sababu linapata vina kirahisi. Katika Hamlet, tamthilia ya Shakespeare, tendo la 2, Mwanamfalme anapomdhihaki Polonius, mshauri wa mfalme, anamkariria kipande cha wimbo wa zamani chenye “As by lot, God wot”, na kichekesho ni kwamba vina vyenyewe ni vya bei rahisi. Kwa hiyo hata miaka ya 1600, mtu akitamka “God wot” kwa sauti fulani, wasikilizaji walikuwa wameshaanza kutabasamu. Ukimpa mfalme mwenye hasira, umempunguzia taji.

“I do thee to wit” ni mbaya zaidi hapo, kwa sababu ni maneno ya tangazo. Ni ya barua, ya mjumbe anayesoma karatasi mbele ya lango, ya mtu anayetaka ijulikane rasmi. Ndugu akimkuta ndugu yake chumbani hamtangazii hasira. Anapiga mlango. Kama unaupenda msemo huu, na naona unaupenda, andika baadaye mfalme akimpelekea mdogo wake barua baada ya kumfukuza, na barua ianze “We do you to wit”, kwa “we” ya kifalme na “you” ya ubaridi badala ya “thee” ya udugu. Ndugu asome, aone amegeuzwa kuwa mtu wa kuarifiwa. Hapo mhariri hatafuta.

“I wist not thou wert here” ningeiacha iwe “I knew not thou wert here”. Msomaji atapata ukale kwenye “thou”, na hatasimama katikati ya ugomvi kutafuta kamusi.

Je, “unwittingly” inatoka huko huko? Na “at one’s wits’ end”?

Ya kwanza ndiyo, moja kwa moja: “witting” ni mwenye kujua, “unwittingly” ni bila kujua. Hicho ndicho kipande cha kitenzi ambacho Waingereza bado wanakitumia kila siku pasipo kukumbuka baba yake. Ya pili inatoka kwa nomino. Imo katika Zaburi 107:27, kwa mabaharia waliokumbwa na dhoruba, wanayumba kama walevi, akili zimefika mwisho. Mwambieni yule mwenzenu wa werevu kwamba hapo, kwa mara ya kwanza leo, angepata alama.

Nimeona picha ya zamani ya Uingereza, mtu mwenye upara na pua ndefu anachungulia juu ya ukuta, chini yake “Wot, no tea?” Hii “wot” ni ile ya kujua?

Hapana. Hiyo ni “what” iliyoandikwa kama inavyosikika. Huyo mchunguliaji aliitwa Chad, na alichorwa kutani kote wakati wa Vita Kuu ya Pili, vyakula vilipokuwa vya mgao, akilalamikia kila kilichoadimika: chai, sukari, chochote. Anauliza tu, “Nini, hakuna chai?”